Kivuko Kilicholiwa na Maji: Namna ya Kukitengeneza Kisibomoke Tena



Kila chama cha msingi kina mali iliyoandikwa katika daftari la mali na mali ambayo haikuandikwa popote. Ghala limeandikwa, mizani imeandikwa, na mashine ya kumenya kahawa imeandikwa pamoja na bei yake. Lakini kalavati lililoko chini ya njia iendayo ghalani, ambalo kila kilo ya mazao ya wanachama hupita juu yake, aghalabu halimo daftarini. Hukumbukwa siku linapobomoka, na husahauliwa tena siku shimo linapofukiwa.

Mazungumzo haya yanahusu kalavati hilo. Yanahusu sababu zinazolifanya liliwe na maji, namna ya kulitengeneza likadumu, na wajibu wa katibu na wanachama katika kazi hiyo.

Chukueni mfano wa chama cha wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Njia ya kwenda kwenye kiwanda cha kumenya kahawa inavuka korongo dogo. Wakati wa kiangazi korongo hilo ni kavu, na mtoto huweza kuliruka. Chini ya njia kumelazwa bomba moja la zege lenye kipenyo cha sentimita 60. Mvua inyeshapo, maji ya barabara ya juu, maji ya mapaa ya bati, na maji yanayofurika kutoka katika mifongo hukutana hapo yote kwa pamoja.

Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na wakati huo uvunaji wa kahawa haujakwisha. Kahawa mbivu hapana budi imenywe siku ile ile iliyochumwa. Ikilala ndani ya gunia huchacha, na uchachu huo hauondoki. Hufuata buni mpaka mnadani na kupunguza bei yake. Kwa hiyo, kivuko kikikatika saa kumi za jioni, mkulima aliyepalilia vizuri, akapogoa vizuri, na kuchuma punje nyekundu tupu, hupata hasara ambayo hakuisababisha shambani mwake. Tena njia hiyo si ya kahawa peke yake. Ndiyo njia ya mama mjamzito anayekimbizwa zahanati, na ndiyo njia ya watoto wa shule.

Chama cha mfano huu hakikukaa bure. Kila mwaka kilikodi trekta, kikaleta kifusi, kikalipa vibarua na kufukia shimo. Mwaka mmoja gharama ziliandikwa katika fungu la matengenezo. Mwaka wa pili ziliandikwa katika usafiri. Mwaka wa tatu ziliingia katika gharama nyinginezo. Hakuna mkutano uliopata kuona jumla yake, kwa sababu jumla hiyo haikuwapo mahali pamoja. Katibu wa chama kama hicho akikaa siku moja na vitabu vya miaka mitano, akatoa kila senti iliyomwagwa katika shimo lile na kuijumlisha, huenda akakuta kwamba fedha hizo zingetosha kununua bomba kubwa na saruji ya kujengea. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya matengenezo, nayo hufanywa kwa kalamu kabla ya sururu.

MAHALI MAJI YANAPOANZIA KUBOMOA

Watu wengi hudhani kwamba kalavati huvunjwa katikati, pale gurudumu linapokanyaga. Mara nyingi sivyo. Bomba la zege lililofunikwa vizuri huweza kukaa miaka mingi bila kupasuka. Maji huanza kula kandokando yake na kwenye midomo yake miwili.

Mahali pa kwanza ni mdomo wa kutokea maji. Maji yaliyobanwa ndani ya bomba hutoka kwa kasi kubwa kuliko yalivyoingia. Yakiangukia udongo mtupu, huchimba shimo. Shimo hilo hupanuka na kurudi nyuma kuelekea njiani, mpaka kipande cha mwisho cha bomba kinaning'inia hewani. Hatimaye kipande hicho huanguka, na ukingo wa njia hukifuata.

Mahali pa pili ni mdomo wa kuingilia. Matawi, migomba iliyokatwa na mchanga vikiuziba, maji hujaa kama bwawa, kisha hupanda juu ya njia. Yakishapita juu, huteremkia upande wa pili na kumega tuta la udongo kwa muda mfupi sana.

Mahali pa tatu hapaonekani kwa macho. Ikiwa udongo wa pembeni haukushindiliwa, maji hujipenyeza nje ya bomba, kati ya zege na udongo, na kila mvua huchukua udongo kidogo. Juu ya njia hutokea kishimo kidogo kama cha panya. Watu hukijaza kwa mawe, nacho hurudi. Ndugu wanachama wafahamu kwamba kishimo hicho ni dalili ya pango lililoko chini. Kukijaza kwa juu ni sawa na kufunika kidonda bila kukisafisha. Hapo hapana budi njia ifukuliwe mpaka kwenye bomba.

Sababu ya nne ni udogo wa bomba lenyewe. Bomba lililowekwa wakati eneo la juu lilikuwa na miti na nyumba chache huenda lilitosha kwa siku zile. Miti ikikatwa, mapaa ya bati yakiongezeka na barabara zikichongwa, maji hufika kwa wingi na kwa haraka zaidi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 hadi 1998, zilizoharibu barabara na madaraja mengi Tanzania na Kenya, ziliwaonyesha wengi kwamba tundu lililotosha jana huweza lisitoshe kesho.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Katika mkutano wa chama cha mfano, mzee mmoja huenda akasema mawe yatosha, kwa kuwa ndivyo ilivyofanyika tangu zamani. Kijana huenda akajibu kwamba linalotakiwa ni bomba kubwa tu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wote wawili wamesema kabla ya kupima.

Kipimo cha kwanza hupatikana kwa wazee na kwa korongo lenyewe. Takataka zilizonasa katika vichaka huonyesha kimo cha maji ya mafuriko. Pimeni upana wa maji katika kimo hicho na kina chake, mahali ambapo korongo limenyooka, juu kidogo ya kivuko. Tuseme upana ni mita 1.5 na kina cha wastani ni nusu mita. Eneo la mkondo basi ni meta za mraba 0.75. Tundu la bomba la sentimita 60 ni meta za mraba 0.28 tu. Hapo maji yanaambiwa yapite katika mlango usiofikia nusu ya upana wao, na ni lazima yatafute mlango mwingine.

Wengine huongeza bomba la pili la sentimita 60 kando ya lile la kwanza. Hesabu yake ni hii: mabomba hayo mawili hutoa meta za mraba 0.57, hali bomba moja la sentimita 90 hutoa 0.64. Tena matawi hunasa kwa urahisi katikati ya mabomba mawili. Bomba moja la kipenyo cha mita 1 hutoa 0.79, nalo ndilo linalolingana na mkondo wa mfano huu. Bomba lenye kipenyo chini ya sentimita 60 lisiwekwe chini ya njia ya magari hata kama maji ni kidogo, kwa kuwa huziba upesi na ni shida kulisafisha.

Kipimo hiki ni cha kukadiria. Korongo likiwa kubwa, au likiwa na maji mwaka mzima, aitwe mhandisi. Ada ya ushauri wake ni ndogo kuliko gharama ya kujenga mara mbili.

KAZI YENYEWE

Kazi ifanywe wakati wa kiangazi. Kwa sehemu za kaskazini miezi ya Julai, Agosti na Septemba ndiyo inayofaa, maana masika yamekwisha na vuli haijaanza. Maji yaliyobaki yachepushwe kwa mfereji wa muda.

Mtaro uchimbwe wenye nafasi ya mtu kusimama kila upande wa bomba na kushindilia. Kuta za mtaro mrefu kuliko kimo cha kiuno zichongwe kwa mlalo au zizuiwe kwa mbao, kwa sababu udongo ukiporomoka humfunika mtu kabla hajapiga kelele. Watoto wasiachwe kukaribia mahali hapo.

Bomba lilazwe juu ya kitanda cha changarawe kilichoshindiliwa, au cha zege jepesi, na lifuate mwelekeo wa asili wa korongo. Maji yakilazimishwa kupiga kona, hushambulia ukingo. Mteremko wa bomba uwe kati ya sehemu 2 na sehemu 5 katika kila 100. Kwa bomba la mita 6 maana yake ni kwamba mdomo wa kutokea uwe chini kuliko ule wa kuingilia kwa sentimita 12 hadi 30. Mteremko ukipungua mno, mchanga hutuama ndani. Ukizidi mno, maji hutoka kwa nguvu ya kuchimba. Maungio ya mabomba yazibwe kwa saruji na mchanga. Urefu wa bomba utosheleze upana wote wa njia pamoja na kingo zake. Kulifupisha ili kuokoa kipande kimoja ni kuanzisha upya uharibifu ule ule.

Udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, pande zote mbili kwa pamoja, ili bomba lisisukumwe upande mmoja. Kila tabaka lishindiliwe mpaka kisigino cha kiatu kisizame. Udongo uwe na unyevu wa kadiri: ukibanwa katika ngumi ushikamane, lakini usitoe maji. Juu ya bomba pawe na udongo ulioshindiliwa usiopungua robo tatu ya kipenyo chake. Bomba la mita 1 linahitaji basi sentimita 75. Kusiwe na majani wala mizizi katika kifusi hicho, kwa maana vikioza huacha njia ya maji.

Baada ya hapo ndipo huja kazi ambayo vyama vingi huiacha kwa kudhani ni pambo, nayo ndiyo uimara wenyewe wa kivuko. Kila mdomo ujengewe ukuta wa mawe kwa mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga sehemu 4. Ukuta huo ushikane na bomba pasipo mwanya, na uwe na mabawa yanayofungukia nje ili kuelekeza maji. Msingi wake ushuke hata kufikia udongo mgumu. Ukuta wa mdomo wa kuingilia huyazuia maji yasijipenyeze kando ya bomba, na ule wa mdomo wa kutokea hulizuia tuta lisimegeke.

Mbele ya mdomo wa kutokea itandikwe sakafu ya mawe makubwa yenye urefu wa mara nne ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la mita 1 itakuwa mita 4. Chini ya mawe itangulie tabaka ya kokoto. Bila kokoto hizo, maji hunyonya udongo kupitia nafasi za mawe, na mawe yenyewe huzama moja baada ya jingine. Mwisho wa sakafu uchimbiwe ukuta wa kuzama ardhini, angalau sentimita 60, ili maji yasichimbe kutoka chini na kurudi nyuma. Kama shimo la zamani ni refu, maji yateremshwe kwa ngazi za mawe au kwa magabioni, yaani makasha ya waya yaliyojazwa mawe, yaliyopangwa kama vidato.

Kazi ya saruji imwagiliwe maji na kufunikwa kwa siku 7 zisizopungua. Malori yenye mzigo yazuiwe mpaka fundi aridhike. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na chama kisiharibu kazi ya mwezi kwa haraka ya siku moja.

Kingo za udongo zipandwe majani yenye mizizi mirefu, kama vetiva. Miti mikubwa isipandwe juu ya bomba, maana mizizi yake hufungua maungio.

MAJI YAKIZIDI BOMBA

Hakuna chama kinachoweza kununua bomba la kutosha kila mvua itakayokuja. Kwa hiyo fundi mwenye busara hujiuliza maji yatapita wapi siku yatakapozidi. Sehemu ya njia iliyo kando kidogo ya kalavati ishushwe kidogo, itandikwe mawe yaliyojengewa, na ukingo wake wa chini uimarishwe kwa mawe pia. Maji yakifurika yatapita hapo, nalo kalavati litabaki salama. Kivuko kitafungwa kwa saa chache badala ya miezi.

Lakini siku hiyo watu na wasubiri. Maji yaendayo kwa kasi, hata yakiwa ya kimo cha goti, huweza kumwangusha mtu mzima, na gari dogo huweza kuelea na kuchukuliwa. Gunia la kahawa lina bei yake, lakini roho ya mtu haina bei.

Pia wingi wa maji upunguzwe kabla hayajafika. Mifereji ya kando ya barabara itolewe maji kidogo kidogo kuelekea mahali penye majani, badala ya kuyakusanya yote mpaka korongoni. Jambo hili lifanywe kwa kupatana na wenye vihamba, maana kumwondolea chama mafuriko kwa kumpelekea jirani si ushirika.

RUHUSA NA HESABU

Kabla ya kuchimba, katibu aulize njia ni ya nani. Barabara za wilaya Tanzania Bara zimo chini ya Wakala wa Barabara za Mijini na Vijijini, yaani TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Chama hakina ruhusa ya kufukua barabara ya umma kwa hiari yake, hata kwa nia njema. Kiandike barua kupitia serikali ya kijiji, kieleze uharibifu na vipimo, na kitaje mchango kinaoweza kuutoa. Barua yenye vipimo hujibika kwa urahisi kuliko barua ya malalamiko. Ikiwa njia ni ya chama, mkutano mkuu ndio utakaoidhinisha matumizi.

Saruji ipokewe kwa hati, iandikwe katika daftari la stoo, na kila mfuko utolewe kwa sahihi. Mfuko mmoja ukipotea, fundi hupunguza kipimo ili kazi itimie, na wizi huo hufichuliwa na mvua mwaka unaofuata. Mawe, mchanga na siku za msaragambo za wanachama navyo viandikwe na kukadiriwa thamani. Jasho la mwanachama ni mchango sawa na fedha yake, na ni haki yake kuliona katika taarifa.

Hatimaye kalavati lifunguliwe ukurasa wake katika daftari la mali: tarehe ya kujengwa, kipenyo, gharama, na jina la fundi. Chini yake kila ukaguzi uandikwe. Kabla ya vuli, kabla ya masika, na baada ya kila mvua kubwa, wanachama wawili waende na chepe na panga. Wazibue mdomo wa kuingilia, watazame kama jiwe limeng'oka katika sakafu, na waangalie kama juu ya njia pana kishimo. Bomba walichungulie kwa tochi kutoka mdomoni. Mtu asiingie ndani.

Kazi hiyo huchukua muda mfupi wa asubuhi moja. Jiwe moja lililong'oka hurudishwa siku hiyo kwa karai moja la saruji. Likiachwa, la pili hulifuata, na kufika masika sakafu yote imekwenda na maji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kivuko, ufa wa kwanza huwa kitabuni, pale gharama za kila mwaka zinapotawanywa hata zisionekane. Basi kila katibu arudipo chamani kwake afanye mambo mawili kabla ya mvua zijazo. Ajumlishe kilichofukiwa shimoni kwa miaka mitano, kisha aende na kamba ya kupimia mpaka upande wa chini wa kalavati, atazame mahali maji yanapotokea. Majibu ya mambo hayo mawili ayaweke mbele ya wanachama, nao wataamua.